Hoteli ya Kula, Hoteli ya Kulala

Stendi ya Kange iko nje ya mji, kando ya barabara iendayo Segera, na anayeshuka pale saa saba mchana hupokewa na jua kabla ya kupokewa na wenyeji. Nilikuwa na begi moja na njaa ya safari iliyoanza Dar es Salaam alfajiri. Kijana wa bajaji akanipokea begi bila kuuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia, "Nipeleke hoteli nzuri, isiyo na makuu." Akasema hewala, tukaondoka. Tuliingia mjini, tukakata kona mbili tatu, mwishowe akazima injini mbele ya banda la bati lenye mabenchi ya mbao, sufuria nne juu ya majiko ya mkaa, na akina mama wawili waliojifunga kanga viunoni.

"Tumefika, kaka."

Nikamuuliza vyumba viko wapi. Akalitazama banda, akalitazama begi, kisha akanitazama mimi kwa huruma. "Ulisema hoteli. Ukitaka pa kulala, sema gesti."

Alikuwa sahihi, nami ndiye niliyepotoka. Pwani hii hoteli ni mahali pa kula. Mimi nimeharibiwa na Dar, ambako neno hilo limekwenda kuishi kwenye maghorofa yenye kiyoyozi na mapokezi ya vioo. Basi nikaketi kwenye benchi, nikaletewa wali wa nazi, changu wa kukaanga, kachumbari na kipande cha ndimu. Dereva naye akaketi na sahani yake, akinionyesha kwa kidole mahali mifupa inapojificha. Kwa hiyo nilianza kula Tanga kabla sijajua nitalala wapi. Siku nne baadaye nilikuwa nimeshaamini kwamba huo ndio mpangilio wenyewe: mji huu unachaguliwa kwa tumbo kwanza, kitanda kinafuata.

Siku ile lakini nilikuwa bado mbishi. Marafiki zangu walikuwa wamenisisitizia nifikie Raskazone, na sikutaka kurudi nikaulizwa mbona sikusikia. Raskazone ni rasi inayochomoza baharini mashariki ya mji, ukishaipita hospitali ya Bombo. Barabara zake zina vivuli, nyumba zake za zamani zimejificha nyuma ya bustani, kuna klabu ya mashua, na kuna Mkonge Hotel, iliyobeba jina la zao lililoujenga mji. Jioni ukikaa nje unaiona ghuba yote, na ndani yake kisiwa cha Toten kilichojifunika mikoko na magofu ya misikiti. Upepo haukatiki. Aliyekuja na mwenzake kupumzika, au mwenye watoto wadogo, asihangaike kutafuta kwingine. Asitarajie tu mchanga mweupe kama wa Unguja, kwa kuwa maji yakitoka hubaki tope na mawe ya matumbawe.

Raskazone ndiko walikoshukia wageni wengi kuliko wote waliowahi kuijia Tanga kwa mkupuo mmoja. Mwanzoni mwa Novemba 1914, Waingereza waliteremsha hapo askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, waje wauteke mji uliokuwa ukilindwa na jeshi la Wajerumani la watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Walipigwa na risasi, kisha wakapigwa na nyuki waliochokozwa na risasi hizo, na ilipofika tarehe 5 walikuwa wakirudi melini, wakiacha nyuma bunduki, mizinga ya rashasha na shehena ya risasi. Wenyeji wana msemo juu ya mji wao: waja leo, waondoka leo. Husemwa kwa kejeli, kwa sababu anayeapa kwamba anaondoka leo ndiye anayekutwa mwakani ameoa Makorora na ana duka. Jeshi lile la mwaka 1914 ndilo pekee nililosikia kwamba msemo ulilifaa kama ulivyo.

Nilipofikia mimi (si katika nyumba niliyoitaja) chai ya asubuhi ilikuwa ndani ya bei ya chumba. Niliambiwa huanza saa moja na nusu. Saa moja na nusu mpishi alikuwa bado yuko njiani. Saa mbili na robo vikaja slesi mbili za mkate, soseji iliyopasuka ubavuni, yai, kipande chembamba cha tikiti, na chupa ya maji moto yenye kipakiti cha kahawa kando yake. Nikala, maana nilikuwa nimelipia. Kisha nikapanda bodaboda kwenda Ngamiani kutafuta mbaazi za nazi ambazo yule kijana wa bajaji alinisifia hadi akasahau kunirudishia chenji. Nikafika saa tatu na dakika zake, nikamkuta mama mwenye mbaazi anasugua sufuria kwa majivu.

"Zimekwisha, mama?"

"Tangu saa mbili na nusu, baba. Ulilala?"

Nikamwambia nililala Raskazone.

"Ndiyo maana," akasema, wala hakueleza zaidi.

Mchana huohuo nilihama.

Ngamiani, kwa jina lake, ni mahali pa ngamia. Mimi niliona baiskeli. Tanga ni tambarare, na sijaona mji mwingine Tanzania ambako mzee mwenye kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya vito anakwenda swala ya Ijumaa kwa baiskeli bila kuona haya, mkono mmoja ukishika usukani, mwingine ukishika pindo. Mitaa ya Ngamiani haikupewa majina ya marais wala ya mashujaa. Imepewa namba: barabara ya kwanza, ya pili, hadi ya ishirini na moja, zimenyooka kama mistari ya daftari. Mtu hakwambii anakaa mtaa gani. Atakwambia, "mimi wa ya kumi na mbili," na kwa wenyeji hiyo inatosha kumjua ukoo, msikiti na timu.

Kulikuwa na namba nyingine Tanga, kabla. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla kamba za plastiki hazijaishusha bei. Wakataji waliletwa kwa mkataba kutoka mbali, kutoka bara na hata nje ya mipaka, kila mmoja na namba yake, na kwa namba hizo wakaitwa manamba. Mji uliojaa wanaume walio mbali na majiko ya kwao hauna budi kuuza chakula barabarani, na Tanga haijaiacha tabia hiyo. Mkonge umepungua, lakini meza za vibarazani zipo.

Gesti niliyoipata ilikuwa na vyumba kumi vilivyozunguka ua wenye mwarobaini. Mzee wa mapokezi akanifunulia daftari la wageni: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Kwenye uendako nikakwama. Nikaandika Tanga. Akasoma kwa miwani iliyoshuka puani, akaguna. "Uko Tanga tayari, mwanangu." Tukaliacha hivyo hivyo.

Chumba kilikuwa na kitanda cha tano kwa sita, neti isiyo na tundu (niliikagua dhidi ya taa), feni ya dari yenye mwendo mmoja tu, ndoo na kata bafuni, na kandambili zilizokatwa kipande kisiginoni ili asitokee mtu akasafiri nazo. Usiku wa pili maji ya bomba yalikatika, mzee akaniletea ndoo ya pili mlangoni bila kuombwa, akakohoa kuonyesha kwamba ameiweka. Sikulalamika. Kwa yeyote atakayefuata nyayo zangu, ushauri wangu ni mdogo: uliza kwanza kama gesti ina baa, maana gesti yenye baa hailali, omba chumba cha nyuma, mbali na lango, na wakikwambia chai imo ndani ya bei, washukuru, kisha usiamke kwa ajili yake.

Msikiti ulikuwa nyumba ya tatu. Adhana ya alfajiri ikaniinua kitandani, na kwa mara ya kwanza maishani nikaishukuru kwa sababu ambayo si ya dini peke yake.

Saa kumi na mbili na robo yule mama alikuwa kibarazani pake, barabara ya tisa, na safari hii sufuria ilikuwa imejaa. Alikuwa na meza fupi, sufuria mbili zilizoviringishwa kitambaa zisipoe, beseni la maandazi lililofunikwa kanga, na birika la chai ya rangi linalonukia tangawizi hadi ng'ambo ya barabara. Mbele yangu walikuwepo watoto wanne wenye mabakuli waliotumwa kutoka majumbani kwao, bado wana usingizi machoni. Watoto huhudumiwa kwanza. Dereva wa lori aliyejaribu kunyoosha sahani yake juu ya vichwa vyao aliambiwa, "Wewe mkubwa, huendi shule," akairudisha.

Mbaazi za Tanga ni kitu kidogo ambacho kazi yake ni ya siku nzima. Zile kavu huloweshwa tangu jana, huchemshwa usiku kwa moto wa taratibu mpaka zilainike bila kupasuka. Nazi hukunwa kwa mbuzi alfajiri ile ile, kwa kuwa tui la jana ni tui la jana. Chicha hukamuliwa kwenye kifumbu, tui la kwanza likawekwa pembeni, la pili likaingia jikoni na kitunguu, chumvi, bizari kidogo na pilipili mbuzi nzima ambayo haitobolewi. Ipo kwa harufu, na ole wake atakayeikuta kwenye sahani yake akadhani ni nyanya. Kasimile, lile tui zito la kwanza, huja mwisho kabisa, na hapo mama hukoroga upande mmoja tu bila kuacha wala kuzungumza na mtu. Nilijifunza kutomsemesha wakati huo. "Tui likikatika," aliniambia baadaye, "na siku imekatika."

Andazi lake lilikuwa na iliki na tui ndani ya unga, limevimba, tupu katikati. Unalipasua kwa kidole gumba, unachota mbaazi kwa kipande, unameza, unapiga funda la chai. Kijiko utapewa ukikiomba, pamoja na mtazamo. Nimekula mbaazi Mombasa, nimekula Unguja na Bagamoyo, na najua nitanuniwa kwa kusema hivi: za Tanga zina subira ambayo wengine hawana. Kwa wengine mbaazi huogelea katika mchuzi. Hapa mchuzi na mbaazi vimeshapatana, huwezi kukiona kimoja peke yake.

Kufikia saa mbili na nusu alikuwa anasugua sufuria. Na hapo ndipo nilipokifahamu kile ambacho vitabu vya wasafiri hukikosea juu ya miji kama huu. Huandika orodha ya mahali, kila mahali na bei yake na nyota zake, kana kwamba chakula kinakaa kwenye anwani kikikungoja. Tanga chakula kinakaa kwenye saa. Kibaraza kile kile kilichokuwa cha mbaazi asubuhi, mchana ni cha mtu anayeziba pancha za baiskeli, usiku ni cha mihogo ya kukaanga na chachandu. Mgeni akiuliza "wapi wanauza," ameuliza nusu ya swali. Na mtu aliyelala mbali, anayengoja chai ya saa mbili na robo, ameshakosa mlo ambao pesa zake haziwezi kuurudisha mpaka kesho.

Mchana ni wa hoteli, zile za benchi. Nenda saa saba, kabla watu wa bandarini na wa masoko hawajamaliza samaki wakubwa. Ukichelewa hadi saa tisa utakula maharage, ambayo hapa yanaungwa kwa nazi na wala si adhabu. Ijumaa baada ya swala pilau hutawala, na ukiwa na njaa ya kitu kingine Ijumaa ile, ni shauri yako. Ramadhani majiko hulala mchana kutwa. Mgeni asiyefunga ajifiche na matunda yake chumbani kwa adabu, halafu jua likizama atoke, aone mji mzima unavyofunguka kwa uji, tende na viazi vya nazi.

Kati ya mlo na mlo kuna saa za kutembea, na mji wa zamani haumchoshi mtu. Boma la Wajerumani, bustani ya Jamhuri inayoangalia bandari, nyumba za Wahindi zenye roshani za mbao zinazoning'inia kwa imani, stesheni ya reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1893 na ikafika Moshi mwaka 1911. Nilivipita vyote kwa mwendo wa mtu anayetafuta hamu ya kula.

Alasiri ni ya kahawa. Muuza kahawa anapita na deli lake lenye mkaa chini, akigonga vikombe, na wazee wamekaa barazani kwenye bao na drafti. Kahawa chungu, kashata ya nazi, na hadithi. Coastal Union walikuwa mabingwa wa ligi mwaka 1988, na barazani pale mechi za mwaka ule husimuliwa kana kwamba zimeisha jana jioni. Mzee mmoja wa African Sports alikuwa anangoja watulie ili aanze za kwake. Hawakutulia. Niliulizwa mimi ni wa timu gani, nikajibu timu ya Kariakoo, na kashata yangu ya pili ikachelewa kuja.

Magharibi ikishaswaliwa, pweza hutoka. Huchemshwa, hukatwa vipande mbele yako kwenye ubao, huchomwa kijiti, na ukitaka unamiminiwa supu yake kikombeni pamoja na ndimu na pilipili. Faida za supu ile huelezwa kwa sauti ya chini, wanaume kwa wanaume, ingawa kila mtu pale mezani anazijua. Hatua chache mbele dada mmoja alikuwa na urojo: viazi, bajia, kachori, vipande vya muhogo mkavu wa kukaanga, yai, mshikaki uliochomolewa kijiti, vyote vikazamishwa kwenye ule uji wa njano wenye uchachu wa embe. Unguja imeutwaa umaarufu wa urojo na siwanyang'anyi. Nasema tu kwamba bakuli la dada yule lilikuwa kali kwa embe kuliko lolote nililokunywa Forodhani, na hakukuwa na mtu aliyenipiga picha nikilinywa.

Asubuhi moja niliikosa barabara ya tisa kwa makusudi, nikaenda soko la samaki la Deep Sea kuwaona wavuvi wakirudi. Mnada unakwenda kasi na kwa vidole, na mgeni akijikuna sikio anaweza kurudi nyumbani na nguru wa kilo kumi. Changu, pono, tasi, kolekole, jodari, dagaa kwa ndoo. Nilinunua tasi wawili wadogo, nikakaangiwa papo hapo, nikala nimesimama. Kuna samaki mmoja wa Tanga ambaye hutamkuta kwenye sahani. Wataalamu walidhani alitoweka zamani za madinosaria hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, na tangu mwaka 2003 wavuvi wa pwani hii wakawa wanamkuta kwenye nyavu zao za kina kirefu: silikanti, mkubwa kama mtoto wa shule, magamba kama ngao, mapezi kama miguu. Mwaka 2009 serikali ikaanzisha hifadhi ya bahari inayobeba jina lake kwenye pwani hii. Nyama yake ina mafuta ambayo, husemwa, humharakisha mtu chooni. Nadhani hiyo imemsaidia kuliko sheria.

Siku ya nne nilikwenda Pangani, kilomita zinazokaribia 50 kusini. Ni barabara ya minazi na mashamba ya mkonge, na upande wa bahari vijiji ambavyo mpenzi wa Kiswahili hawezi kuvipita akiwa amesinzia. Machui ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, katika kitongoji cha Vibambani, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1962. Tongoni kuna magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengine yakiwa na minara, na kwenye minara hiyo bado unaona mashimo ya duara yalipokuwa yamepachikwa mabakuli ya kigeni, ya kaure. Nilisimama mbele ya mashimo yale muda mrefu. Watu waliofikiri kwamba mkubwa akizikwa anastahili bakuli zuri walikuwa watu wa kwetu.

Pangani yenyewe imekaa mdomoni mwa mto, mbele ya minazi, na nyumba zake za Kiarabu zimechoka kwa heshima. Hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim, Desemba 1889, baada ya yeye kuwasumbua pwani nzima. Pantoni inavusha watu, pikipiki na mbuzi kwenda Bweni ng'ambo. Ukivuka na kuendelea kusini utafika Ushongo, kwenye ufukwe wa mchanga ambao Tanga mjini haina, na nyumba za wageni za makuti zilizotulia kando ya maji. Kutoka huko hupelekwa watu kwa mashua hadi Maziwe, kisiwa ambacho zamani kilikuwa na mivinje na sasa ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka. Ni kuzuri, sikatai. Lakini Ushongo unakula anachopika mwenye nyumba, saa aliyopanga mwenye nyumba. Mimi nilibaki Pangani mjini, nikafika hotelini saa nane na nusu, wali ukawa umekwisha, nikanywa madafu mawili na kutafuna muhogo wa kuchoma huku nikiutazama mto. Nilipaswa kujua. Saa ni ile ile, mji ndio uliobadilika.

Kuondoka kwangu kulikuwa saa mbili asubuhi, na safari hii nilijipanga. Saa kumi na mbili nilikuwa kibarazani, nyuma ya watoto wawili tu. Mama akaniuliza naondoka lini, nikamwambia leo. "Leo," akarudia, akacheka, akaniongezea andazi.

Kwenye basi nilikaa na mama mtu mzima mwenye kikapu magotini, anashukia Muheza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ulikuja kwa nani Tanga?"

"Sikuja kwa mtu. Nilikuja kutembea."

Akalifikiri jambo hilo mpaka tulipoiacha Kange. Mtu kuja Tanga bila kuwa na mtu Tanga kulimsumbua. "Sasa ulifikia wapi?"

"Gesti. Ngamiani."

"Barabara ya ngapi?"

"Ya tisa, karibu na msikiti."

Uso ukalegea kidogo. "Hapo afadhali. Na chai ulikuwa unakunywa wapi?"

Nikamweleza kibaraza, mama, sufuria mbili, birika. Nilieleza kwa majivuno, nakiri, kama mtu aliyegundua kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanyamaza mpaka Pongwe.

"Yule anatia unga," akasema.

"Unga, mama?"

"Wa ngano. Kijiko kimoja, mwisho, zionekane nzito. Nani alikupeleka pale?"

"Dereva wa bajaji."

"Dereva wa bajaji!" Akageukia dirishani, hakutaka kuendelea na mazungumzo yenye misingi kama hiyo.

Muheza wauza machungwa waliliparamia basi, mifuko ikapita madirishani. Alinunua mfuko mmoja, akamenya moja kwa kisu kidogo alichokitoa kikapuni, ganda likishuka kwa utepe mmoja bila kukatika, akalikata kichwa, akanipa. Kisha akasimama, akakaza kanga, akainama sikioni kwangu kana kwamba basi zima lilikuwa linasikiliza.

"Ya kumi na nne, kona, nyumba yenye mlango wa buluu. Lakini uwahi. Saa kumi na mbili na nusu hukuti kitu."

Nikaandika nyuma ya tiketi, maji ya chungwa yakinitiririka kiganjani, na konda akiniuliza kama yule mama ni wangu.